Uhame Blender 2.79 au ubaki nayo? Mwongozo wa kuamua kabla hujapakua

Blender 2.79, toleo la programu ya kutengeneza katuni na michoro ya 3D, ilitoka Septemba 2017, na marekebisho yake ya mwisho, 2.79b, yakafuata Machi 2018. Matoleo sasa yamefika familia ya 5, lakini bado wapo watengenezaji katuni wanaofungua 2.79 kila asubuhi. Siwacheki. Inawaka haraka, haili RAM, mafunzo yake walishagawana kwa flashi, na vidole vyao vinajua kila kitufe kilipo. Anayewaambia "sasisha tu, si ni bure?" mara nyingi ni mtu ambaye hana kazi ya miaka mitano kwenye diski yake.

Bure ni bure kweli. Msimbo wa Blender uko wazi tangu mwaka 2002, kwa hiyo habari ya leseni haipo hapa. Unacholipa ni bando, siku za kujifunza upya, na uwezekano wa kufungua mhusika wako ukamkuta amegeuka kijivu kitupu. Gharama hizo hazitegemei namba ya toleo. Zinategemea mashine uliyonayo, mafaili uliyokwisha kutengeneza, na watu unaopeana nao mafaili hayo. Anza na mashine, kwa sababu ikikataa, mjadala umeishia hapo.

Hatua ya 1: Iulize Blender ya zamani kama mashine itaweza mpya

Huna haja ya kupakua chochote. Fungua 2.79 yako, nenda menyu ya Help, chagua Save System Info. Itaandika faili la maandishi. Lifungue, tafuta sehemu ya OpenGL (mfumo ambao programu hutumia kuzungumza na kadi ya michoro), soma jina la kadi ya michoro na namba ya toleo la OpenGL. Namba hiyo ndiyo inayoamua.

Kuanzia 2.80, iliyotoka Julai 2019, Blender inataka OpenGL 3.3 kwenda juu. Kuanzia 4.0, ya Novemba 2023, kwenye Windows na Linux inataka 4.3. Chini ya hapo haitakuwa nzito tu. Itagoma kabisa kufunguka, au itafunguka na madirisha meusi.

Kwa kuwa wengi wetu tunanunua laptopu zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya au Dubai, hesabu yake kwa upande wa Windows iko hivi. ThinkPad T420 na EliteBook 8460p zina Intel HD 3000, ambayo inaishia OpenGL 3.1. Hizo ni za 2.79, basi. T430 na 8470p zina HD 4000, inayofika 4.0, kwa hiyo mwisho wake ni Blender 3.6. T440 na EliteBook 840 G1, zenye HD 4400, ziko mpakani: namba inaweza kusomeka 4.3 lakini draiva zake zina matatizo, hivyo jaribu ukipenda ila usimwahidi mteja kazi juu yake. Kuanzia 840 G3 au T470 mlango wa familia ya 4 uko wazi, ingawa kuingia mlangoni na kufanya kazi kwa raha ni mambo mawili tofauti.

Namba ya OpenGL hutokana na kadi pamoja na draiva. Kama Windows iliwekwa na fundi wa dukani kwa haraka, huenda unatumia draiva kuukuu badala ya ile mpya ya Intel au Nvidia. Weka draiva sahihi kwanza, kisha soma namba upya. Kuna watu wameishi na 2.79 kwa miaka wakidhani laptopu yao haiwezi, kumbe tatizo lilikuwa draiva.

Angalia pia mambo mengine matatu, haraka haraka. Windows 7 inaishia Blender 2.93. Kuanzia 4.2 prosesa lazima iwe na maagizo ya SSE4.2, kwa hiyo Core 2 Duo imetoka. Na RAM: mahitaji rasmi ya familia ya 4 ni 8GB. Kama una 4GB na nafasi ya kuongeza, RAM itakusaidia zaidi kuliko toleo jipya.

Hatua ya 2: Jua mafaili yako yanarenda kwa injini gani

Hapa ndipo panapouma, na wengi hupita bila kuangalia. Kurenda ni kugeuza onyesho kuwa picha kamili, na injini ndiyo inayofanya kazi hiyo.

Fungua mafaili yako makubwa ndani ya 2.79, moja baada ya jingine, uangalie kisanduku kilicho juu ya dirisha. Kitakuwa kimeandikwa Blender Render, Cycles Render au Blender Game. Andika kwenye daftari.

Yaliyo kwenye Cycles yana bahati. Materiali zake za nodi (vijisanduku unavyounganisha kupanga rangi na mng'ao) huhama, taa huhama, na mwonekano hubaki karibu uleule hadi utakapofika 4.0, ambako nodi kuu ya Principled ilipangwa upya na baadhi ya mng'ao unaweza kuhitaji kuguswa kidogo.

Yaliyo kwenye Blender Render ni habari nyingine. Injini hiyo ya ndani iliondolewa kabisa katika 2.80. Umbo la mhusika litafika salama, mifupa itafika, mwendo utafika, lakini materiali na tekscha (picha zinazopakwa juu ya umbo) zilizopangwa kwa mtindo wa zamani hazitafika. Utamwona amebaki na rangi moja bapa. Itabidi umvalishe upya kwa nodi, mmoja mmoja. Kama una wahusika wawili na nyumba moja, hiyo ni kazi ya wikiendi. Kama una mtaa mzima uliojengwa kwa miaka mitatu, huo ni mradi mpya, uupange hivyo na uutoze muda wake.

Kuna mtego mdogo ndani yake. Picha za tekscha zilizofungwa ndani ya faili zinaweza kukosa mtumiaji, yaani materiali inayozitumia, baada ya kuhama, na Blender hutupa vitu visivyo na mtumiaji pale unapohifadhi na kufunga. Kwa hiyo ukiwa bado ndani ya 2.79, nenda File, External Data, kisha Unpack All Into Files. Picha zote zitatoka na kukaa kwenye folda ya kawaida ambako hakuna wa kuzifuta.

Na kama kisanduku kinasema Blender Game, usihame. Injini ya michezo nayo iliondolewa katika 2.80. Kuna mradi wa kujitegemea uitwao UPBGE unaoiendeleza, lakini huo ni uamuzi mwingine.

Hatua ya 3: Hesabu wanaokutegemea

Blender mpya husoma mafaili ya zamani vizuri. Kurudi nyuma ndiko kwenye shida. Faili lililohifadhiwa na 2.80 au zaidi likifunguliwa kwa 2.79, tarajia vitu kupotea. Mifano mingine ya kukumbuka: kuanzia 3.0 mafaili yaliyobanwa kwa Compress yanatumia mfumo mpya wa kubana ambao 2.79 haiujui kabisa. Grease Pencil, zana ya kuchora 2D, iliandikwa upya katika 4.3, kwa hiyo ukichora huko usitegemee kuikuta ukirudi 4.2. Na faili la 5.0 linafunguka kwenye 4.5 lakini si chini ya hapo.

Kwa hiyo kama unafanya mifupa wewe, mwenzako anafanya mwendo, na wa tatu anarenda kwenye mashine yake, mnahama wote siku moja au hamhami. Aliye na mashine dhaifu kuliko wote ndiye anayeweka kikomo. Linaudhi, lakini ndivyo lilivyo. Nafuu mumchangie RAM kuliko kuwa na matoleo matatu ndani ya kazi moja.

Ukitaka kujua faili ulilotumiwa limetoka toleo gani bila kulifungua, liburute ndani ya kihariri cha maandishi. Kama halijabanwa, herufi za mwanzo kabisa zitasomeka BLENDER-v279, au v280, au v306 kwa 3.6, na kadhalika.

Halafu kuna sheria moja ambayo siijadili: hakuna kuhama katikati ya kazi ya mteja. Hata kama toleo jipya lina kitu kinachoonekana kitakuokoa siku mbili. Maliza, kabidhi, lipwa, ndipo uhame.

Hatua ya 4: Ziweke zote mbili, zisigusane

Watu wanaogopa kusasisha kwa sababu wanadhani mpya itaifuta ya zamani. Kwa Blender haiko hivyo. Kila namba ya toleo ina folda yake ya mipangilio, na 2.79 na 4.2 hukaa kwenye laptopu moja kama wapangaji wa vyumba tofauti.

Pakua ZIP badala ya kisakinishi. Kwenye tovuti ya Blender kuna hifadhi ya matoleo yote ya nyuma, kwa hiyo huhitaji kuchukua la mwisho kama mashine yako hailiwezi. Matoleo ya familia ya 4 yanazidi megabaiti 300, basi subiri bando la usiku. Fungua ZIP ndani ya folda yenye jina wazi, mfano blender-3.6, uianzishe moja kwa moja kutoka humo. Kama unataka hata mipangilio ibaki humohumo ili uibebe kwa flashi, kuanzia 4.2 unatengeneza folda tupu iitwayo portable pembeni ya programu yenyewe.

Tabia moja tu ubadilishe: acha kubofya faili la .blend mara mbili. Windows italifungua kwa toleo inalolijua yenyewe, na ukibonyeza Ctrl+S bila kufikiri umeshalipeleka kusikotakiwa. Anzisha Blender unayoitaka kwanza, kisha fungua faili kutoka ndani.

Hatua ya 5: Jaribu kwa faili baya kuliko yote

Usijaribu kwa mchemraba. Mchemraba hufanya kazi kila mahali. Chukua onyesho lako zito zaidi: lenye wahusika wengi, taa nyingi, rigi (mifupa na vidhibiti vya kumwendesha mhusika) iliyojaa vidhibiti. Linakili pamoja na folda yake yote ya tekscha, kisha ufungue nakala kwa toleo jipya.

Kwenye dirisha la kufungua faili, ondoa alama kwenye Load UI. Mpangilio wa madirisha ulibadilika sana kati ya 2.79 na 2.80, na ukiubeba ule wa zamani utaona fujo ambayo haihusiani na faili lenyewe.

Sasa kagua. Leya zako 20 za zamani zimegeuka koleksheni. Hilo ni la kawaida, zipe majina tu. Tembeza fremu kutoka mwanzo hadi mwisho ukitazama viungo vya mhusika, hasa viwiko na magoti yanayoendeshwa na IK, mfumo wa kukunja kiungo kwa kuvuta mkono au mguu. Kama uso au macho hayasogei, angalia kama Blender imezuia hati (script) za Python zilizomo ndani ya faili. Hukuonya juu ya hilo unapofungua, na ukiruhusu, vidhibiti vingi hufufuka. Kuruhusu ni kwa mafaili unayojua yametoka wapi.

Rigi zina masuala yao. Kama uliunganisha wahusika kutoka faili jingine na kuwaendesha kwa Make Proxy, mfumo huo uliondolewa katika familia ya 3 na nafasi yake ikachukuliwa na library override. Blender hujaribu kuzibadilisha yenyewe, na kwa rigi rahisi hufaulu. Kwa rigi ngumu tenga muda wa kurekebisha. Kisha katika 4.0 leya za mifupa zikafutwa, zikaja koleksheni za mifupa. Mifupa haipotei, ila hati yoyote ya vitufe vya rigi iliyoandikwa kwa kutaja leya itagoma. Kwa Rigify, programu-jalizi ya kutengeneza rigi, tengeneza rigi upya kutoka kwenye kiunzi cha asili. Kama kiunzi hicho ulishakifuta ili faili liwe jepesi, hii ni sababu nzuri ya kuishia 3.6.

Programu-jalizi za 2.79 zichukulie kuwa zimekufa zote. Namna ya kuandika hati ilibadilika katika 2.80, hakuna iliyovuka bila kuandikwa upya. Orodhesha zile usizoweza kuishi bila hizo, utafute kama zina toleo jipya, kabla ya kuamua lolote.

Rangi nazo zinataka macho makini, hasa ukifanya katuni za matangazo. Faili la zamani hubaki na mpangilio wake wa rangi. Lakini ukianzisha faili jipya, 2.80 hukupa Filmic na 4.0 hukupa AgX, ambazo zote hupooza rangi kali ili picha ionekane kama ya kamera. Ukimleta mhusika wako humo kutoka faili jingine kwa Append, nyekundu ya nembo ya mteja itageuka kama imefuliwa mara nyingi. Nenda kwenye Render, Color Management, View Transform, uchague Standard. Kwa katuni za rangi bapa hiyo ndiyo sahihi karibu kila wakati, na nashangaa wangapi huilaumu Eevee, injini ya kurenda haraka iliyokuja na 2.80, kwa jambo hili.

Mwisho wa jaribio, pima muda. Chagua fremu ileile, ukubwa uleule, irende kwa zamani na kwa mpya, kisha zidisha. Dakika moja ya katuni kwa fremu 24 kwa sekunde ni fremu 1,440. Kama kila fremu inakula dakika 2, hizo ni saa 48 za umeme usiokatika. Ikishuka hadi sekunde 10 kwa Eevee, ni saa 4. Tofauti ya namna hiyo inatosha kuamua peke yake, lakini ipime kwenye mashine yako, maana Eevee inategemea kadi ya michoro na kwenye kadi dhaifu inaweza kukuangusha. Eevee ya 4.2 iliandikwa upya na ni nzito kuliko ile ya 3.6. Vyovyote utakavyoamua, renda kwa PNG fremu kwa fremu, kamwe si video moja kwa moja. Umeme ukikatika unaendelea ulipoishia.

Hatua ya 6: Chagua toleo la kukaa

Usiruke kila miezi michache. Kuna matoleo ya LTS, yanayorekebishwa hitilafu kwa miaka 2 bila kubadilishiwa tabia: 2.83 lilikuwa la kwanza, likafuatwa na 2.93, 3.3, 3.6, 4.2 na 4.5.

OpenGL chini ya 3.3, au kazi yote iko kwenye Blender Render na wateja hawalalamiki: baki 2.79b. Hakuna atakayejua kwa kutazama video.

OpenGL kati ya 3.3 na 4.2: nenda 3.6, au 2.93 kama Windows yako ni 7. Kwangu hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, maana unapata Eevee, Grease Pencil ya kweli kwa katuni za 2D, maktaba ya mikao na Cycles yenye kasi zaidi, bila mabadiliko ya mifupa ya 4.0. Wala usidhani Eevee ni ya mazoezi: filamu ya Latvia iliyochukua Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2025 ilirendwa nayo. Tahadhari moja kwa wenye kadi za AMD: 3.0 iliondoa OpenCL, njia ya Cycles kutumia kadi hizo, kwa hiyo kadi kuukuu ya AMD iliyokuwa ikisaidia Cycles inaweza kukuacha unarenda kwa prosesa peke yake.

OpenGL 4.3 na kuendelea, RAM 8GB au zaidi: chukua 4.5. Ndilo linaloweza kusoma mafaili ya 5.0 ukitumiwa, na ndilo la mwisho kwa Mac zenye prosesa ya Intel.

Hatua ya 7: Vidole

Siku za kwanza utakasirika. Kuchagua kwa kitufe cha kushoto cha kipanya badala ya kulia, Space kucheza mwendo badala ya kutafuta, utafutaji kuhamia F3. Kwenye Preferences, sehemu ya Keymap, kuna mpangilio wa 2.7x unaorudisha vitufe vya zamani. Utumie kama una kazi ya kesho. Kama una wiki tupu, jifunze mpya, kwa sababu kila somo utakalolitazama sasa linazungumza kwa vitufe hivyo.

Ukishahama, kila faili unalolileta lihifadhi kwa Save As na jina jipya lenye namba ya toleo, mfano sokoni_v36.blend, na lile la asili uliache kama lilivyo ndani ya folda moja na ZIP ya 2.79. Ikitokea mwenzako wa 2.79 anahitaji mwendo uliofanya huku, usimpelekee .blend. Mtolee Alembic, aina ya faili inayohifadhi umbo na mwendo wake, ambayo 2.79 inaisoma, atapata umbo likitembea fremu kwa fremu, bila mifupa, na kwa kurenda hilo linatosha.